Picha Huonyesha, Haioni

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wahenga, wala hapana apingaye. Hata hivyo, kutazama ni jambo moja na kutazamwa ni jambo jingine, na katika kujifunza kazi yoyote ya mikono na miguu, hilo la pili halipungui uzito mbele ya la kwanza. Karani mmoja wa serikali, mzaliwa wa kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, alifundishwa ukweli huo alipokuwa katika chuo cha ualimu. Miaka ikapita, akausahau. Bahari ya Mombasa ndiyo iliyomkumbusha, nayo ilikaribia kumtoza roho yake kuwa ada ya somo.

Karani huyo alikuwa na umri wa miaka 34 alipohamishiwa Mombasa kushughulikia karatasi za mizigo ipitayo Malaba kwenda Kampala. Alikwenda pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Baba yake alikuwa mstaafu wa polisi wa majini, mtu aliyemaliza nusu ya maisha yake katika mashua za doria ziwani. Kwa hiyo mwana alikulia katika nyumba ambamo upepo na mawimbi vilizungumzwa wakati wa chakula kama mvua inavyozungumzwa katika nyumba ya mkulima. Alijua kuogelea, tena hakuyaogopa maji. Sifa hizo mbili ni njema, lakini ndizo zilizomponza.

Jumapili moja alikwenda na jamaa yake kupunga upepo kwenye ufuko ulio kaskazini ya kisiwa. Walipokuwa wamekaa kivulini wakila, wakamwona mtu amesimama juu ya ubao, ameshika tanga kwa mikono miwili, anateleza juu ya maji kwa kasi ya pikipiki. Alikwenda mpaka kule mbali ambako mawimbi huvunjika juu ya mwamba, akapanda wimbi, akageuka, akateremka nalo kama mtoto atelezaye kilimani. Karani akasimama, chapati mkononi.

"Baba watoto, kaa ule," mkewe akamwambia.

Hakukaa.

Chombo kile kwa umbo lake ni sahili. Kuna ubao wenye pezi chini yake upande wa nyuma. Kuna mlingoti uliounganishwa na ubao kwa kiungo kinachopinda kila upande. Kuna tanga, na upinde wa kushikia unaolizunguka tanga hilo kwa usawa wa kifua. Usukani hakuna. Msafiri huelekeza chombo kwa kulilaza tanga: akililaza mbele, ubao hugeuka kuuacha upepo, akililaza nyuma, ubao hugeuka kuuelekea upepo.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Mmarekani Newman Darby alichapisha habari za ubao wa tanga katika gazeti moja la ufundi la nchini mwake mwaka 1965. Mwaka 1968, huko Kalifonia, Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliomba hati ya serikali ya kulinda ubunifu wao wa ubao wenye mlingoti unaopinda. Mwaka 1976 mvulana wa Hawaii aitwaye Robby Naish alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 13 tu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, vijana wa Hawaii wakafunga juu ya ubao mikanda ya kutia miguu, na tangu hapo mtu akaweza kurushwa na wimbi hewani pasipo kuachana na chombo chake. Mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 kwa wanaume, na katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 kwa wanawake.

KIELELEZO

Karani alianza vizuri. Alimlipa kijana mmoja wa ufukoni, akafundishwa kulivuta tanga kutoka majini, kusimama, kwenda na kurudi ndani ya maji yaliyokingwa na mwamba. Kwa wiki chache akaweza. Lakini msimu wa watalii ulipokwisha, mwalimu wake akaondoka kwenda kutafuta kazi kwingine, akamwachia ubao wa zamani kwa bei nafuu. Elimu ya mawimbi alikuwa bado hajaipata.

Ndipo akazigeukia video za mafunzo. Kila usiku, watoto walipokwisha kulala, alikaa na simu yake ya mkononi akawatazama mabingwa wa nchi za mbali wakieleza na kuonyesha. Kwa kuwa aliwahi kuwa mwalimu, alinunua daftari akaandika kila somo kwa mwandiko safi, akapigia mistari maneno makuu. Na mambo aliyoyaandika yalikuwa ya kweli.

Aliandika kwamba mawimbi makubwa huja kwa makundi, kisha bahari hutulia kwa muda, na kwamba mwenye busara husimama ufukoni kwanza akayahesabu kabla ya kuingia. Aliandika kwamba wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina cha maji kimepungua, hivi kwamba wimbi la urefu wa meta moja huanza kuanguka kina kikiwa karibu meta moja na robo. Basi ajuaye umbo la sakafu ya bahari hujua mahali wimbi litakapoanguka. Aliandika kwamba povu la wimbi hukabiliwa uso kwa uso, si kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa na mwendo ukiwa haujafa. Aliandika kwamba katika maji ya kiunoni mtu asisimame kamwe akiwa na ubao upande wa baharini naye upande wa nchi kavu, maana wimbi likija litamtupia ubao huo mwilini.

Na juu ya kuteremka wimbi, aliandika hivi: kunja magoti, peleka uzito mbele, lishushe tanga karibu na maji upande wa ndani wa mzunguko, na zaidi ya yote tazama kule unakotaka kwenda. Sentensi hiyo ya mwisho aliipigia mistari miwili.

Hakuridhika na kuandika tu. Alifanya mazoezi juu ya mkeka wa sebuleni, ameshika fagio badala ya upinde, akikunja magoti na kugeuka kushoto na kulia, watoto wakimcheka mpaka machozi yakawatoka. Mkewe alimtazama kutoka mlango wa jikoni asiseme neno. Kwa muda wa miezi miwili karani akawa bingwa wa mkeka.

ZOEZI

Siku aliyoichagua ilikuwa katika majira ya kusi, mwezi wa Julai. Kusi ilivuma kwa nguvu tangu asubuhi, na mawimbi yalionekana meupe juu ya mwamba. Tena ilikuwa bamvua, wakati ambapo huko Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita meta tatu. Jambo hilo halikuwamo katika daftari. Waliorekodi video zile walisimama kwenye fukwe nyingine, wakaeleza bahari zao. Hapana hata mmoja aliyekuwa na wajibu wa kujua habari za mlango wa mwamba wa kaskazini ya Mombasa.

Mwamba wa pwani ile ni ukuta mrefu wenye milango. Maji yakijaa, bahari huupita ukuta na kujaza eneo lote la ndani. Maji yakipwa, yale yote yaliyoingia hutafuta njia ya kutoka, na njia rahisi ni mlangoni. Hapo mkondo hukaza mwendo, hasa siku za bamvua. Wavuvi wanajua, na watoto wa wavuvi wanajua. Karani hakumwuliza hata mmoja wao.

Alimwacha mkewe na watoto chini ya mvinje, na chupa ya chai, akaingia majini baada tu ya maji kuanza kupwa. Alivuka vizuri mpaka karibu na mlango, mahali ambapo mawimbi huanguka kwa upole kidogo kuliko juu ya mwamba wenyewe. Akayahesabu kama alivyoandika. Akachagua moja, akageuka, akaanza kuteremka, akaanguka. Akalivuta tanga, akachagua jingine, akaanguka. Mara ya tatu vilevile. Na kila alipoanguka alijipitishia moyoni yale ya daftarini, akaona ametimiza yote: magoti yalikunjwa, tanga lilishushwa, macho yalikwenda mbele. Aliamini hivyo kwa moyo safi. Akaona lawama ni ya upepo.

Mara ya nne wimbi lilimwangukia yeye na chombo chake pamoja. Mlingoti ukavunjika chini ya upinde. Alipoibuka alikuwa bado ameushika ubao, akamshukuru Mungu; lakini alipoutazama ufuko aliona minazi imekuwa midogo kuliko ilivyokuwa dakika chache zilizopita. Akatazama tena. Alikuwa anatoka mlangoni.

Hapo mtu hujaribiwa. Nyumba za pwani zilionekana karibu, naye alikuwa mwogeleaji. Moyo ulimwambia auache ubao apige mbizi kuelekea nchi kavu. Kilichomzuia si video yoyote, bali neno la baba yake ambalo alilisikia tangu utotoni, kila ilipoletwa habari ya mashua iliyopinduka ziwani: "Usikiache chombo kinachoelea. Chombo huonekana, kichwa cha mtu hakionekani." Akaupanda ubao, akaukalia. Tanga lililovunjika aliliacha liburutike majini, likawa kama nanga dogo la kupunguza kasi ya kuchukuliwa. Kisha akanyosha mikono yake kwa pande zote mbili, akaipandisha na kuishusha polepole, tena na tena, ambayo ni ishara ya watu wa majini duniani kote kwamba mtu anahitaji msaada.

Ufukoni, mkewe alikuwa hajasoma daftari lile. Lakini alikuwa akihesabu. Mara tatu aliliona tanga likilala na kuinuka. Mara ya nne lililala, lisiinuke. Alihesabu pumzi zake mpaka 100, kisha akamfunga mdogo mgongoni, akamshika mkono mkubwa, akakimbia mpaka walipokuwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu.

"Shikamoo mzee," akamwambia mkubwa wao huku anahema. "Mume wangu yuko mlangoni, tanga limelala."

Mzee hakuuliza swali. Aliinuka, akatazama, akawaita vijana wawili na mashua yenye mashine.

Walimfikia baada ya nusu saa na zaidi. Alikuwa anatetemeka ijapokuwa maji ya pwani ile ni ya uvuguvugu, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuushika ubao. Walipokwisha kumpakia, mzee alimtazama kwa muda.

"Mwanangu, mlango huu maji yakipwa huchukua hata ngalawa. Hukuuliza watu?"

"Sikuuliza, mzee."

"Sasa umejibiwa."

SAHIHISHO

Usiku ule haukusemwa neno katika nyumba. Usiku wa pili, watoto walipolala, karani alichukua simu yake, kisha akairudisha mezani bila kuifungua. Mkewe akaketi karibu naye.

"Mimi sikukatazi," akasema. "Lakini nitakuuliza neno moja. Yule bwana wa kwenye video zako, yeye anakuona?"

"Ataniona wapi?"

"Basi mimi nilikuona. Kila ulipoanguka ulikuwa ukitazama miguu yako."

Karani alikana. Alisema alitazama mbele, tena kwa kukusudia, maana ndilo jambo alilolipigia mistari miwili. Mkewe hakubishana. Ilipofika wiki ya nne baada ya ajali, mlingoti umekwisha kupatikana mwingine, walikwenda pamoja kwenye maji ya ndani wakati yanajaa, mahali ambapo mawimbi hayapiti magoti. Safari hii ni yeye mkewe aliyeshika simu, akampiga picha zinazokwenda.

Jioni wakaitazama video hiyo pamoja. Karani alimwona mtu aliyekunja magoti vizuri, akalishusha tanga vizuri, kisha, mara wimbi lilipomnyanyua, akainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sarafu mchangani. Hapo uzito wake ukarudi nyuma, mkia wa ubao ukazama, ubao ukasita, na wimbi likampita au likampindua. Kichwa cha mtu ni kizito. Kiendako ndiko mabega huenda, na mabega yaendako ndiko kiuno na miguu hufuata. Jambo hilo limeelezwa katika kila somo alilolitazama. Aliliandika, akalihifadhi kwa moyo, akalifundisha hata kwa fagio. Hakulitenda, na hakujua kwamba hakulitenda.

Ndipo alipokumbuka chuo cha ualimu. Waliwafundisha huko kwamba somo la kazi ya mikono lina sehemu tatu: kielelezo, zoezi na sahihisho. Mwalimu huonyesha, mwanafunzi hujaribu, mwalimu hutazama na kusahihisha. Ikiondolewa sehemu ya tatu, mwanafunzi hulirudia kosa lake mpaka likawa tabia. Yeye mwenyewe, alipokuwa akifundisha watoto wadogo, aliwaona wakigeuza herufi nyuma mbele huku wakiapa kwamba zimekaa kama zile za ubaoni. Hawakuwa waongo. Jicho la mtu hutazama nje. Mwili wake mwenyewe haulioni.

Wanajeshi na polisi hawahitaji kuelezwa sana habari hiyo. Katika kila kundi la kuruta hupatikana kijana atembeaye mkono wa kulia ukiwa pamoja na mguu wa kulia. Amewaona wenzake wakipiga gwaride, anajua mkono upi huenda na mguu upi, na moyoni anajiona yuko sawa na wote. Hujitambua pale tu sauti ya sajini inapomtoa mstarini. Hata angeonyeshwa picha za gwaride bora mwaka mzima, picha hizo zisingemwambia lolote juu ya mkono wake. Picha huonyesha, haioni.

Wala mabingwa wenyewe hawakupanda daraja kwa upweke. Vijana wa Hawaii waliokuza ufundi wa mawimbi walisafiri ufuko mmoja, kila mmoja akimtazama mwenzake na kumwambia kosa lake. Katika kisiwa cha Gran Canaria, ambako upepo huvuma kwa ukali sana kwenye ufuko wa Pozo Izquierdo, wametokea ndugu wawili pacha, Daida na Iballa Ruano Moreno, wanawake waliotwaa mataji mengi ya dunia katika mashindano ya mawimbi. Mwenye pacha majini ana kioo kinachosema.

Isidhaniwe kwamba video za mafunzo ni kitu cha kutupa. La. Bila hizo karani asingejua hata jina la kosa lake. Bali zina mahali pake, napo ni mwanzo wa somo. Baada ya hapo yatakiwa macho ya mtu aliye hai, na yatakiwa elimu ya mahali penyewe, ambayo haimo katika video ya ufuko mwingine.

Tangu siku ile karani alijiwekea kanuni chache, nazo zamfaa pia aingiaye Ziwa Viktoria au Ziwa Alberti kwa mtumbwi, kwa kuogelea au kwa ubao. Huuliza wenyeji habari za maji kabla ya kuingia. Huvaa koti la kuokolea maisha. Haingii upepo unapovuma kutoka nchi kavu kwenda majini, maana upepo huo humtoa mtu kwa urahisi na kumrudisha kwa shida. Baharini huchagua maji yanayojaa, tena hupendelea siku za maji mafu kuliko za bamvua. Chombo kikivunjika hakiachi. Na kabla ya yote humwambia mtu aliye ufukoni anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Ilikuwa katikati ya kaskazi iliyofuata, mwezi wa Januari, alipoteremka wimbi lake la kwanza. Halikuwa wimbi la kusimulia. Lilikuwa la kiunoni, na safari yake haikuzidi pumzi tatu. Aligeuka chini ya wimbi, ubao ukaitika, akapanda tena kidogo, kisha povu likammeza. Alipotoka majini mkewe alikuwa amesimama, simu mkononi, lakini alikuwa amesahau kuifungua.

"Hilo ulilitazama," akamwambia.

Jioni ile alimpigia baba yake simu huko Entebbe, akamsimulia habari zote, hata zile za Julai alizokuwa amezificha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza urefu wa wimbi, wala bei ya ubao.

"Leo nani alikuwa ufukoni?" akauliza.

"Mama watoto, baba."

"Haya," akasema mzee. "Endelea."